Kutafuna RNA au kunyamazisha jeni: seli ya mmea inachagua nini?

RNA mjumbe (nakala ya jeni inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini) ikikatika, ikikosa kofia inayolinda ncha yake ya mwanzo (5′), au ikiwa na kodoni ya kusitisha (herufi tatu zinazoamuru protini iishie hapo) mahali pasipostahili, seli ya mmea ina njia mbili za kuishughulikia. Ya kwanza ni kuitafuna. Vimeng'enya vya CCR4-CAF1 hufupisha mkia wa adenini ulio ncha ya mwisho (3′), DCP2 akisaidiwa na DCP1 na VCS huvua kofia, kisha XRN4 huila kuanzia ncha ya 5′. Upande wa 3′ kazi ni ya eksosomu, kundi la protini linalotafuna RNA, pamoja na SKI2. Njia ya pili ni kuinyamazisha: kimeng'enya RDR6 huitengenezea uzi wa pili, DCL2 na DCL4 huikata vipande vya nyukliotidi (herufi za RNA) 21 na 22, na vipande hivyo huwinda kila RNA inayolingana navyo.

Je, njia hizi zinasaidiana au zinagombania windo moja?

Ushahidi wa ugomvi ni mzito. Mmea wa Arabidopsis, gugu dogo linalotumiwa sana katika utafiti, ukipoteza XRN4, jeni za kupandikizwa hunyamazishwa kwa urahisi zaidi. Ukipoteza XRN4 na SKI2 kwa pamoja, unadumaa vibaya, na vipande vya nyukliotidi 21–22 vinazuka dhidi ya jeni zake wenyewe. Ukiondoa RDR6 pia, ukuaji unarudi kwa kiasi kikubwa. Maana yake mmea haukuumizwa na uchafu uliorundikana. Uliumizwa na RDR6 kuuokota.

Kutokana na hapo, hoja ya kudhoofisha utafunaji ili mazao yanyamazishe virusi kwa nguvu ina mvuto wake. Mimi siikubali. UPF1, protini wa upande wa utafunaji anayetambua kodoni za kusitisha zilizokaa vibaya na ncha za 3′ zilizorefuka kupita kiasi, pia huzuia virusi kadhaa vya RNA chanya (ambavyo jenomu yao husomwa moja kwa moja kama RNA mjumbe), kwa kuwa jenomu zao zina kasoro hizohizo. Ukimdhoofisha, virusi hivyo vinapata nafasi. Kweli, Arabidopsis yenye UPF1 dhaifu hustahimili bakteria Pseudomonas syringae vizuri zaidi, lakini ni kwa sababu kinga yake imewaka muda wote. UPF1 akikosekana kabisa mche hufa, na kuondoa jeni ya kinga PAD4 huuokoa. Kinga ya namna hiyo mkulima huilipia kwa mavuno.

Muhogo unaonyesha kwamba ugomvi wenyewe unaweza kukwepwa. Katika aina 4046, iliyobadilishwa kijenetiki, ambayo Kenya iliipa idhini mwaka 2021, RNA yenye mfuatano wa ganda la virusi vya michirizi ya kahawia hujikunja yenyewe kama kibanio cha nywele. Imezaliwa ikiwa na nyuzi mbili, hivyo haimngojei RDR6, na hakuna haja ya kumgusa XRN4.

Tahadhari moja kwa anayepima haya maabara. Dawa ya kodisepini husimamisha unakili, yaani utengenezaji wa RNA mpya kutoka kwa jeni, kisha sampuli huchukuliwa kwa vipindi ili kuona RNA inavyopungua. Ila dawa ikichelewa kupenya jani, nusu-uhai (muda wa RNA kupungua kwa nusu) hutoka mrefu kuliko ulivyo, kwa hiyo miche michanga ndiyo ya kutumia, na dakika za kwanza baada ya dawa zisihesabiwe. Sikloheksimidi, dawa inayosimamisha ribosomu (mashine za kutengeneza protini), ni ya hatari zaidi: UPF1 hutegemea ribosomu zinazotafsiri, hivyo dawa humzima, lakini pia huamsha jeni za msongo. Jeni iliyopanda chini ya sikloheksimidi pekee, bila kupanda katika mmea uliokosa UPF1, isiandikwe kuwa windo lake.