Monster Hunt: muvi tamu, rekodi yenye doa

Mtajie mtu anayefuatilia muvi za Kichina hii Monster Hunt ya 2015 uone, ama atakwambia ni moja ya muvi tamu za familia zilizowahi kutoka China, ama atakwambia rekodi yake ya mauzo ya tiketi ilipikwa na hataki kusikia zaidi. Mimi naona pande zote mbili zina hoja, shida ni kwamba wanachanganya muvi yenyewe na namna ilivyouzwa mwishoni, matokeo yake kazi ya watu inahukumiwa kwa kosa la wenye kuhesabu tiketi.

Kwa ambaye hajaiona stori iko hivi. China ya kale, ya kufikirika, binadamu na mazimwi walishapigana zamani na mazimwi wakafukuzwa wakaishi kwao. Huko kwao yakatokea mapinduzi, mfalme akauawa, malkia akiwa mjamzito akakimbilia kwa binadamu na kabla hajafa akamhamishia yai kijana mmoja wa kijijini anaitwa Song Tianyin, yaani mwanaume ndo anabeba mimba. Pembeni yake yupo Huo Xiaolan, binti mwindaji wa mazimwi wa daraja la chini anayehangaika kupanda, na yeye kwenye lile tumbo anaona hela tu, anasubiri kijana ajifungue amchukue mtoto akauze. Anazaliwa Wuba, mweupe, mnene, ana majani kichwani kama figili.

Sasa kinachonifanya niitetee hii muvi ni kwamba uwindaji humu ndani haujapambwa kuwa ushujaa, ni biashara kabisa. Wawindaji wana madaraja, zimwi ana bei kutegemea ukubwa wake, kuna duka la rehani linalopokea mazimwi, na kuna mgahawa wa matajiri ambako zimwi anapikwa na kuletwa mezani kama kitoweo cha wakubwa. Sisi tuliokua na hadithi za zimwi anayembeba mtoto kwenye ngoma tumezoea zimwi ndo mla watu, hapa walaji ni watu na wanaokimbia kuokoa roho ni mazimwi, wengine wanavaa sura za binadamu na kuishi kijijini kama majirani ili tu waachwe wapumue. Hilo ni wazo zito na limewekwa kwenye muvi ambayo mtoto wa miaka saba anaielewa bila kuelezwa.

Kingine, Tianyin na Xiaolan wanamuuza kweli yule mtoto. Hawatishii, wanamuuza, wanapokea hela na kuondoka, na muvi inakuacha ukae na hilo jambo kidogo kabla hawajageuka kumfuata. Muvi nyingi za watoto zingekwepa hapo, zingemleta mtu mbaya amwibe mtoto ili wahusika wetu wabaki safi. Na tabia zao pia zimegeuzwa vizuri, mwanaume ndo anayejua kupika na kushona, mwanamke ndo anayepigana, halafu hakuna anayesimama kutoa hotuba kuhusu hilo, wanaishi tu.

Lakini wanaoiponda hawajakurupuka. Vichekesho vyake vinazidi, ni vile vya kuanguka, kukodoa macho na kupiga kelele, na kuna sehemu vinaua kabisa kilichojengwa. Kile kipande cha mpishi anayehangaika kumpika Wuba kimepigwa kama komedi ya jikoni, visu vinaruka huku na huku, watu wanacheka, wakati dakika chache kabla uliombwa umwonee huruma huyo huyo mtoto, kwa hiyo mtazamaji hajui ashike lipi. Wabaya wao ni wepesi, huwajui wanataka nini zaidi ya kuwa wabaya. Na robo ya mwisho inageuka mapigano ya kuruka hewani kama muvi nyingine yoyote ya Hong Kong, ile biashara ya uwindaji iliyokuwa inanoga inawekwa kando. Hapo nakubaliana nao mia kwa mia.

Hoja ambayo siikubali ni ile ya kusema Wuba ni Hollywood iliyovalishwa nguo za Kichina. Ni kweli dairekta Raman Hui alifanya kazi miaka mingi kwenye animesheni Marekani, alikuwemo kwenye Shrek na ile ya tatu ya 2007 ni mmoja wa walioiongoza, na ukimwangalia Wuba macho yale makubwa unajua yametoka wapi. Ila viumbe wa ajabu wa milimani na baharini wapo kwenye vitabu vya Kichina vya zaidi ya miaka elfu mbili, kile cha kale kiitwacho Shan Hai Jing kimejaa wanyama wa vichwa vingi na mikia mingi, kwa hiyo alichojifunza ugenini ni ufundi tu, ardhi aliyochimba ni ya kwao. Na kama ingekuwa Hollywood tupu basi Marekani wangeipokea, kumbe ilipofika kule Januari 2016 haikufikisha hata dola laki moja.

Tukija kwenye hela. Muvi ilikuwa imeshapigwa, halafu Agosti 2014 mwigizaji mkuu Kai Ko akakamatwa Beijing kwa bangi, na China ukipatikana na kesi ya dawa za kulevya sura yako inaondolewa kwenye skrini. Ikabidi wamwingize Jing Boran na kurudia sehemu kubwa ya kazi, bajeti ikavimba kwa makumi ya mamilioni ya yuani. Ilipotoka Julai 2015 watu walijaa kweli kweli, familia nzima nzima, na hapo hakuna wa kubisha. Ni haki pia kusema kwamba ilitoka kwenye kile kipindi cha kiangazi ambacho muvi kubwa za nje zilikuwa zinawekwa benchi, kwa hiyo njia ilikuwa nyeupe.

Balaa lilikuja mwishoni. Furious 7, muvi ya Hollywood, ilikuwa inashikilia rekodi ya mauzo ya China, zote mbili ziko yuani bilioni 2.4 na ushei, zimebanana, na muda wa Monster Hunt kuonyeshwa ukaongezwa mpaka Septemba. Ghafla watu wakaanza kuonyeshana ratiba za maonyesho ya usiku mnene yaliyopangana kwa tofauti ya dakika chache, yote eti yamejaa, na wasambazaji wakakiri kwamba kuna tiketi za bure ziligawiwa zikahesabiwa. Nani alihitaji hilo? Ingekaa namba mbili kwa heshima kila mtu angeisifu. Mwaka uliofuata muvi nyingine ya Kichina, The Mermaid, ikaipita mbali na rekodi ikawa si yao tena, doa ndo likabaki. Michezo ya aina hii ilikuwa imezoeleka kwenye hiyo biashara mpaka sheria ya filamu ya China iliyoanza kazi Machi 2017 ikaweka adhabu kwa wanaodanganya mauzo ya tiketi.

Anayedhani ni hesabu peke yake ziliibeba ile ya kwanza aiangalie ya pili. Ilitoka Februari 16, 2018, siku ya kwanza ya mwaka mpya wa Kichina, wakamleta nyota wa Hong Kong Tony Leung, matangazo kila kona, siku ya kwanza peke yake ikaingiza zaidi ya yuani milioni 500. Ina kila kitu isipokuwa ile roho ya mtoto anayeuzwa, Wuba anazurura tu na vichekesho vimeongezwa mara mbili. Neno likasambaa, kumbi zikaanza kupungua, ikaishia bilioni 2.2 hivi huku muvi ya kivita ya Operation Red Sea iliyoanza kinyonge siku hiyo hiyo ikipanda mpaka kupita bilioni 3.6. Ile ya kwanza watu waliambiana wenyewe waende, na ndo maana mimi nikiulizwa na mwenye watoto nyumbani bado namwambia awawekee hiyo, ya pili aiache.