Kabla hujalipia domeini, mpigie mtu simu

Ndugu zangu wenye biashara, nawaomba sana, ukishapata jina la websaiti yako, yaani domeini, usikimbilie kulipia. Mpigie simu shangazi yako au fundi wako, yeyote ambaye hajawahi kuliona limeandikwa, mtajie mara moja tu halafu akutumie meseji alivyolisikia. Akikosea tafuta jina lingine, hata kama kwenye bango linapendeza vipi.

Kuna dada anauza fenicha Keko, duka lake linaitwa Ng'ara. Alinifuata nimtengenezee websaiti na domeini alikuwa nayo tayari, ngara, ikafuatiwa na furniture ya Kiingereza, halafu .com. Basi siku hiyo nimekaa dukani kwake kwenye kochi ambalo bado halijatolewa nailoni, simu ikaita, mteja yuko Morogoro anataka kuona makabati. Dada akaanza, "Andika ngara, ila usiweke ile alama ya juu... hapana kaka, sio Ngara ya Kagera, ng'ara ya kung'aa... sasa furniture, efu, yu..." wakahangaika weee mpaka akamwambia basi ngoja nikutumie WhatsApp. Iliniuma kwa kweli, mteja ana hela mkononi na jina ndio linamzuia mlangoni.

Domeini za .com zinapokea herufi, namba na kistari, basi, ile alama ya ng' haiingii, kwa hiyo jina lenye ng' likifika huko linabadilika sauti. Na hiyo fenicha yenyewe kila mtu anaandika kivyake, huyu fenicha, yule fanicha, mwingine furniture, mteja abahatishe ipi? Halafu r na l kwa wengi wetu zinapishana mdomoni, hao ndio wateja wetu na jina liwafuate wao. Kistari nacho mimi sikitaki, kwenye simu utakitajaje?

Kuhusu mwisho wa jina, kama wateja wako wako hapa hapa Tanzania mimi nasema chukua .co.tz. Kwenye .com watu wanasajili tangu 1985, majina mafupi mazuri yameshabebwa mengi mno, na mtu wa hapa akiona .co.tz anajua duka liko nchini.

Kitu kingine, na hiki kinaumiza zaidi, domeini huinunui moja kwa moja, unailipia kwa muda na ukiisha unalipia tena, na meseji za kukumbushwa zinaenda kwenye imeli iliyosajiliwa. Ya yule dada ilisajiliwa kwa imeli ya kijana aliyemtengenezea kadi za biashara, namba yake haipatikani tena, kwa hiyo hata tulipotaka ile ya zamani impeleke mteja kwenye mpya tulishindwa, hatuna pa kuingilia. Weka imeli yako mwenyewe jamani, na paswedi ukae nayo wewe.

Tukakaa tukachagua upya maneno mawili ya Kiswahili cha kila siku, kabati letu. Dada akampigia mama yake mdogo Tanga, akamtajia mara moja akakata. Baada ya kama dakika mbili meseji ikaingia, kabatiletu, herufi zote zipo, na chini yake mama ameuliza, "Mnauza na vitanda?"