Mhariri wa Makala na Machozi ya Mvuvi

Mwandishi wa Mombasa anamnukuu mvuvi aliyepoteza mashua akisema, "Nilitokwa na matozi." Mhariri wa makala analigeuza neno hilo la Kimvita, lahaja ya Mombasa, kuwa "machozi", na ukurasa unakwenda mtamboni. Je, amesahihisha au ameharibu?

Utetezi wa mhariri si wa kupuuzwa. Jarida la Kiswahili husomwa Tanga, Kisumu na Bukavu, na msomaji wa Bukavu aliyetoa fedha yake hapaswi kukisia kwamba "mtele" ni mchele na "ndia" ni njia. Kiunguja, lahaja ya Zanzibar mjini, kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, shabaha mojawapo ilikuwa kitabu kimoja kisomeke Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar bila mkalimani. Mhariri anayefuata usanifu ni mrithi wa mradi huo, na ni haki kusema kwamba bila mradi huo pengine hata jarida lenyewe lisingekuwa na wasomaji wa kulitosha.

Hata hivyo, makala si taarifa ya habari. Taarifa humweleza msomaji kilichotokea, ilhali makala humkalisha karibu na aliyetokewa, na ukaribu huo hujengwa kwa sauti. Mvuvi wa Mombasa anayezungumza kama mtangazaji wa redio amepokonywa nusu ya ushahidi wake, kwa kuwa lafudhi na msamiati wake ndivyo vinavyomthibitisha kuwa yeye ni nani na ametoka wapi. Zaidi ya hayo, maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu si mali ya jarida. Kwa maoni yangu hapa hoja ya usanifu inaishiwa nguvu: masimulizi ya mwandishi yasanifiwe inapobidi, lakini nukuu iachwe ilivyo, na kama neno ni gumu, sentensi inayofuata ilifafanue.

Linalonitia shaka zaidi ni kwamba ubishi huu wa maneno humsitiri mhariri asiulizwe kuhusu kazi iliyo ngumu zaidi. Kubadilisha "matozi" ni kazi ya sekunde mbili. Kugundua kwamba kisa chenyewe kinaanzia aya ya sita, kwamba aya tano za mwanzo ni mwandishi akijinyoosha viungo tu, na kwamba bei ya mashua iliyotajwa mwanzoni hailingani na ile iliyotajwa mwishoni, hutaka kusoma mara tatu na kumpigia mwandishi simu. Huko ndiko kalamu inakopaswa kuwa kali, na ndiko mara nyingi inakoogopa. (Waandishi nao hulalamikia neno lililobadilishwa, lakini ni wachache wanaolalamika kwamba hawakuulizwa chanzo cha takwimu.)

Wahariri hujibu kwamba muda hautoshi, na ni kweli: kurasa zikishapangwa, hakuna anayetaka kusikia kwamba aya ya sita ihamie juu. Lakini simu ya dakika kumi kwa mwandishi, kabla makala haijafika kwa msanifu wa kurasa, ingetosha kuuliza kuhusu bei ya mashua, na hapohapo kuuliza kama mvuvi alisema "matozi".