Kabla ya ada, uliza njia ya kutoka maktaba

Kila msimu wa maombi ya vyuo, simu zinazotoka Dar kuja huku Marekani zina maswali yaleyale: ada ni kiasi gani, chuo kina jina, viza inachukua muda gani. Swali la usalama wa mtaa halimo. Mzazi huyohuyo akimtafutia mtoto chumba Sinza, hatoi hela ya dalali mpaka ajue geti linafungwa saa ngapi na maji yanatoka siku gani. Naona tunakosea pande zote mbili. Huku tunaamini majengo mazuri, nyumbani tunaamini majirani, na kote tunakisahau kipande cha njia kati ya darasa na kitanda, ambako ndiko mtoto anakoporwa.

Jambo ambalo Marekani wanatuzidi ni karatasi. Mwaka 1986 mwanafunzi Jeanne Clery aliuawa ndani ya bweni lake katika Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania. Wazazi wake walipigania sheria, ikapitishwa 1990, na leo inaitwa kwa jina lake. Chuo kinachopokea fedha za serikali kuu za kusaidia wanafunzi kinalazimika kutoa kila mwaka, kufikia Oktoba 1, ripoti ya uhalifu wa miaka mitatu. Andika jina la chuo na neno Clery kwenye Google, utaipata. Kazi ipo kwenye kuisoma.

Jedwali lake lina safu za ndani ya kampasi, mabweni, majengo ya chuo yaliyo nje ya kampasi, na eneo la umma. Wengi hujumlisha safu zote, na hapo ndipo wanapoharibu hesabu, kwa sababu makosa ya bwenini yamekwishahesabiwa kwenye safu ya kampasi. Ukijumlisha unayahesabu mara mbili na chuo cha kawaida kitaonekana pango la wezi. Zaidi ya hapo, "eneo la umma" ni barabara na njia zilizo ndani ya kampasi au zinazopakana nayo moja kwa moja, basi. Mwanafunzi akiporwa mitaa mitatu kutoka hapo, mbele ya nyumba aliyopanga, ripoti haimhesabu. Na watoto wetu wengi hawakai bwenini baada ya mwaka wa kwanza, maana kupanga nyumba na wenzao mara nyingi ni nafuu. Kwa hiyo soma ripoti ya chuo, halafu ufungue na ramani ya uhalifu ya polisi wa jiji, ambayo majiji mengi huiweka mtandaoni, na uweke pale anwani ya chumba chenyewe.

Kuna mengine ambayo jedwali halisemi. Wizi wa kawaida, kama laptop iliyoachwa mezani maktaba au simu iliyotolewa mfukoni, hauhesabiwi humo isipokuwa umefanywa kwa chuki dhidi ya kundi fulani la watu. Kinachohesabiwa ni uvunjaji, unyang'anyi, kujeruhi, ubakaji, wizi wa magari na makosa mengine mazito. Pia takwimu zinachelewa. Ukisoma ripoti mwezi wa Aprili, mwaka wa karibuni ulioandikwa humo uliisha miezi 16 nyuma. Na sifuri zisikufurahishe upesi. Chuo chenye wanafunzi 30,000 na mabweni yaliyojaa kikionyesha sifuri ya ubakaji miaka mitatu mfululizo, mimi ningehofia kwamba wasichana hawana pa kulalamikia. Chuo chenye namba kubwa kidogo huenda kina ofisi inayosikiliza.

Kwa habari za karibuni, omba daftari la uhalifu la kila siku. Chuo chenye polisi au walinzi wake kinatakiwa kuliweka, na matukio ya siku 60 za mwisho yawe wazi kwa yeyote, hata asiyesoma pale. Uliza pia doria yao inaishia wapi. Chuo Kikuu cha Chicago, kwa mfano, kina polisi wake wanaozunguka kuanzia mtaa wa 37 hadi wa 64, mbali kabisa na majengo ya darasa. Vyuo vingine doria huishia ukingo wa kampasi, na huo ni mpaka usioonekana kwenye tangazo la chumba.

Basi la chuo la usiku nalo linalinganishwa na saa za maktaba. Maktaba ikifungwa saa nane usiku na basi la mwisho likiondoka saa sita, ndani ya hayo masaa mawili mtoto anarudi kwa miguu. Wakati wa baridi hali ni ngumu zaidi kuliko tunavyofikiri tuliozoea jua la Dar, linalozama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi mwaka mzima. Boston, mwezi wa Desemba, jua linazama saa kumi na robo jioni. Kipindi cha alasiri kinamalizikia gizani. Na kuna bunduki, jambo ambalo sijui kwa nini tunaona haya kuliuliza. Sheria zinatofautiana jimbo kwa jimbo. Texas, tangu Agosti 2016, mwenye leseni anaruhusiwa kubeba bastola iliyofichwa ndani ya vyuo vikuu vya umma, isipokuwa sehemu zilizokatazwa.

Sasa nyumbani. Kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kinakueleza sifa za kujiunga na nafasi kwa kila kozi, lakini mtaa unaozunguka chuo utauchunguza mwenyewe. Dar ina hazina ambayo Marekani hawana, nayo ni macho ya watu. Mama ntilie wa getini, kijana wa kibanda cha M-Pesa, bodaboda wa kijiweni, wote wanajua kona ipi simu hukwapuliwa na saa ngapi. Waulize watatu tofauti, tena baada ya kununua kitu. Dalali usimuulize, yeye anasubiri kodi yake ya mwezi mmoja.

Njia yenyewe ipitie saa mbili usiku siku ya kazi, kwa miguu, kutoka darasani hadi mlangoni. Hesabu taa zinazowaka, angalia vichaka na nyumba zisizokwisha kujengwa. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna miti mingi na njia za mkato za kushukia Changanyikeni na Msewe. Mchana zinapendeza, usiku afadhali barabara kubwa hata kama ni ndefu. Barabarani tembea upande wa kulia, magari yakukabili, begi likae bega lililo mbali na barabara. Wakwapuaji wa pikipiki wanategemea kukujia nyuma.

Chumbani, watu hukagua kitasa na nondo wakaona wamemaliza. Grili iliyochomelewa madirisha yote ni mtego moto ukiwaka mlangoni. Dirisha moja liwe na grili ya kufunguka, kufuli ndani, ufunguo mahali panapojulikana. Uliza taa ya uani iko kwenye LUKU ya nani. Ikiwa ni mita ya kuchangia, uniti zikiisha usiku uwanja wote giza, na mpangaji wa kuchelewa ndiye anayeingia hapo. Panya road, magenge ya vijana waliotikisa jiji mwaka 2022, waliingia majumbani kwa makundi na mapanga, kwa hiyo kuhusu ulinzi shirikishi usiridhike na "upo". Nenda ofisi ya serikali ya mtaa uulize walinzi ni wangapi, wanapita saa ngapi na namba yao ni ipi.

Mvua nayo ni usalama. Vyumba vya mabondeni karibu na Mto Msimbazi hupangishwa kirahisi kiangazi. Tafuta mstari wa maji ukutani au rangi mpya iliyoishia nusu ya ukuta. Mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) au Muhimbili anayekaa Kimara akumbuke kuwa Jangwani ikifurika mabasi ya mwendokasi hukatika, na njia ya kuzunguka inamfikisha nyumbani usiku mkubwa.

Ninachokitamani kwa vyuo vya Dar hakihitaji bajeti ya Marekani. Serikali za wanafunzi zinaweza kuanza na daftari moja getini: tarehe, saa, mahali, kilichotokea, kilichochukuliwa, bila jina la aliyeibiwa. Tarehe mosi ya kila mwezi ukurasa unapigwa picha na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, mabweni na nje ya kampasi vikiwa vimetenganishwa.