Maktaba za Carnegie na mishahara ya Homestead

Andrew Carnegie, tajiri wa viwanda vya chuma Marekani, aliandika katika makala ya mwaka 1889 kwamba tajiri anayekufa na mali yake hufa kwa aibu. Mwaka 1901 alimuuzia mwanabenki J. P. Morgan kampuni yake ya chuma cha pua kwa dola milioni 480, kisha akashika kazi ya kugawa. Fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500, nyingi zikiwa Marekani. Ubishi uliokuwapo tangu enzi zake ni kama fedha hizo zilikuwa zake kugawa.

Wanaomtetea wana hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Alifika Pennsylvania mwaka 1848 akiwa mtoto wa mfumaji wa Scotland aliyenyang'anywa riziki na mashine, akaanza kazi kiwandani kwa dola 1.20 kwa wiki. Aliamini kwamba fedha zikisambazwa senti senti kwenye mishahara zitaliwa ziishe, ila zikikusanywa mkononi mwa mmoja zitajenga kitu cha wote. Makala hiyohiyo ya 1889 iliunga mkono kodi kubwa ya mirathi, jambo ambalo matajiri wenzake hawakutaka kulisikia. Na mji ulioomba maktaba kwa kawaida ulipaswa kutoa kiwanja na kutenga kila mwaka asilimia 10 ya fedha za ujenzi ili kuiendesha. Kwa njia hiyo halmashauri nyingi zilianza kutoza kodi kwa ajili ya vitabu.

Homestead, mji wa Pennsylvania kando ya mto Monongahela wenye kiwanda cha chuma cha Carnegie, ndipo hoja hiyo inapopwaya. Mwaka 1892 mkataba wa mafundi ulikuwa unaisha. Mishahara yao ilifuata bei ya chuma, lakini bei ikishuka chini ya dola 25 kwa tani, mshahara haukushuka zaidi. Meneja wa Carnegie, Henry Clay Frick, alitaka kiwango hicho kiteremke. Alikuwa na la kusema: kampuni ndiyo iliyonunua mitambo mipya, na mitambo hiyo ilikuwa imeongeza tani, hivyo na malipo ya mafundi waliolipwa kwa tani. Tena chama chao cha wafanyakazi kilikuwa cha mafundi tu. Kati ya wafanyakazi 3,800 wanachama walikuwa takriban 800, na vibarua waliolipwa senti 14 kwa saa hawakuwamo. Hata hivyo, vibarua hao nao waligoma.

Sidhani vibarua wangegoma kwa ajili ya viwango vya watu wengine kama ugomvi ungekuwa wa dola tu. Frick hakutaka chama kiwepo kabisa. Alizungushia kiwanda uzio, akawafungia watu nje, na alfajiri ya Julai 6 akaleta kwa matishari walinzi 300 wa kukodi wa kampuni ya Pinkerton. Walipigana na wafanyakazi mchana kutwa, watu wakafa pande zote mbili, walinzi wakasalimu amri. Gavana akapeleka wanamgambo 8,500, na kufikia Novemba mgomo ulikuwa umevunjika. Carnegie alikuwa Scotland, na alikuwa amempa Frick baraka zake. Ndiye huyohuyo aliyeandika mwaka 1886 kwamba mtu asichukue kazi ya mwenzake aliyegoma.

Kwangu mimi hapa ndipo mizani inapoinama. Ukarimu wake ulikuwa wa kweli, lakini ulihitaji wapokeaji wasio na sauti juu ya kile wanachopewa. Baada ya mgomo, kazi ya saa 12 ikawa ya kawaida Homestead, kwa wengi siku saba za wiki. Mwaka 1898 mji ulifunguliwa maktaba nzuri yenye ukumbi wa muziki na bwawa la kuogelea. Watoto waliitumia, na faida yao isibezwe. Baba zao wangeisoma saa ngapi?

Saa 12 ziliondolewa mwaka 1923, Carnegie akiwa ameshafariki miaka minne, baada ya Rais Harding wa Marekani na umma kuibana kampuni iliyochukua viwanda vyake. Chama cha wafanyakazi kilitambuliwa na kampuni hiyo mwaka 1937.