Tunaidharau mbao huku tumelala chini yake

Kuna fikra imeota mizizi kwa wajenzi wa mijini kwamba mbao ni kitu cha kizamani. Mwenye uwezo anaweka madirisha ya alumini, mageti na milango ya chuma, kabati za bodi zilizokuja kwa kontena, na juu anamalizia na dari ya jipsamu. Mbao anaachiwa asiye na fedha. Fikra hii naipinga kwa moyo wote, na ushahidi wangu wa kwanza uko juu ya vichwa vyetu.

Pita Goba, Kibada au kokote nyumba mpya zinakochomoza. Chini ya bati la msauzi utakuta kenchi na papi, yaani mbao zinazobeba paa, na sehemu kubwa ya kenchi hizo ni misindano (mipaini) iliyopandwa Mufindi, Njombe, Makete na Kilolo, huko Nyanda za Juu Kusini. Ghorofa unaloliona ni zege tupu lilimwagwa juu ya mbao, likashikiliwa na nguzo za miti, mirunda, mpaka likakomaa. Jipsamu yenyewe mara nyingi imeshikwa na fremu ya mbao usiyoiona. Umeme umefika vijijini kwa nguzo za mikaratusi, ingawa siku hizi zipo pia za zege. Daftari la mtoto na boksi la sabuni dukani navyo ni mti.

Wakenya walilipima jambo hili kwa vitendo. Februari 2018 serikali yao ilisimamisha uvunaji wa miti katika misitu ya umma, kwa nia ya kuokoa vyanzo vya maji. Nia ilikuwa njema. Lakini watu hawakuacha kujenga, mafundi hawakuacha kupiga randa, na bei ya mbao ikapanda. Malori yakazidi kuvuka mpaka yakiwa na mbao za Tanzania. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuliondoa katazo hilo. Unaweza kuzuia shoka msitu huu, ila haja ya mbao itahamia msitu mwingine.

Sasa, kama tunaihitaji hivi, dharau imetoka wapi? Imetoka kwenye mbao tunayouziwa. Mtu ananunua mbao ya inchi mbili kwa nne Jumatatu, inapanda juu ya nyumba Jumatano ikiwa bado inatoa maji, na mwaka haujaisha kenchi imepinda, bati limeinuka, mvua inaingia. Mlango uliofunga vizuri kiangazi unagoma kufunga masika. Mwenye nyumba anaapa kwamba hatanunua mbao tena. Mimi simlaumu yeye, na mti siulaumu pia.

Msindano uliopandwa kwa ajili ya mbao unastahili kuachwa miaka 18 hadi 25 kabla ya kuvunwa. Wakulima wengi wadogo wa Nyanda za Juu Kusini wanaukata kabla haujafika hata 10. Mti mchanga ni mnene kwa macho tu. Miaka yake ya mwanzo unakua kwa pupa, ubao wake ni mwepesi, na nyuzi zake zimekaa mshazari, kwa hiyo unapokauka unajinyonga. Juu ya hapo, gogo la msindano likitoka shambani linaweza kuwa na maji yenye uzito mkubwa kuliko mti mkavu wenyewe. Maji hayo yakishuka chini ya karibu asilimia 30 ya uzito huo mkavu, ubao unaanza kusinyaa. Ukikaushwa kwa kupangwa vizuri, vijiti katikati, chini ya kivuli, unasinyaa ukiwa umenyooka. Ukipigiliwa mbichi, unasinyaa ukiwa tayari umebeba paa lako.

Na dawa nayo ni habari ndefu. Mbao iliyotibiwa sawasawa huingizwa kwenye mtungi, hewa ikanyonywa, halafu dawa ikasukumwa ndani kwa shinikizo. Mchwa akija anakutana nayo ndani ya ubao. Kuna wauzaji wanaochovya mbao kwenye pipa dakika chache, ikatoka na rangi ya kijani, ikauzwa kuwa imepigwa dawa. Nimewahi kununua mzigo wa namna hiyo. Tulipokata ubao wa kwanza, ndani ulikuwa mweupe kabisa. Kukata kipande na kutazama ndani ni jambo la dakika moja, na kila mnunuzi ana haki ya kulidai kabla hajatoa fedha.

Lakini mkulima wa Makete akikata mti wa miaka 7, tusikimbilie kumwita mjinga. Ada ya mtoto haisubiri mti ukomae, wala ugonjwa hausubiri. Kiangazi kila mwaka kuna hofu ya moto, maana jirani anayechoma shamba kuandaa kilimo anaweza kuteketeza jasho la miaka 15 kwa mchana mmoja. Anapokuja dalali na fedha taslimu, akalitazama shamba kwa macho na kutaja bei ya eka nzima, mkulima anaona heri alichonacho mkononi. Hapati kipimo cha mti wala ujazo, anapata makisio ya mtu ambaye faida yake iko kwenye kukisia chini. Kisha mashine ya dingdong inapasua magogo papo hapo shambani, meno yake mapana yakigeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa vumbi na mabanzi.

Hapa ndipo ningependa kuona nguvu za serikali, benki na vyama vya wapanda miti zikielekezwa. Mkulima apewe mkopo kwa dhamana ya miti iliyosimama, wanakijiji walinde kwa pamoja barabara za kuzuia moto, na shamba lipimwe kabla halijauzwa. Tuna Shamba la Miti Sao Hill kule Mafinga, kubwa kuliko yote ya serikali nchini, ambalo kwa miongo mingi limeonyesha kwamba mti ukipewa muda unalipa. Ujuzi uko Mafinga, hatuhitaji kuutafuta mbali.

Najua kuna msomaji atakayesema kutetea mbao ni kutetea ukataji wa misitu. Nalichukua kwa uzito neno hilo, kwa sababu misitu yetu ya asili inaumia kweli, kwa kufyekwa mashamba na kuchomwa mkaa. Ila tazama tofauti. Mti uliochomwa umerudisha hewani kaboni uliyoikusanya miaka yote. Mti uliogeuzwa kenchi unaishika kaboni hiyo, ambayo ni karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu, kwa muda wote paa linapodumu, na shambani unapandwa mwingine. Saruji, kwa upande wake, inachangia karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani.

Hata msitu wa asili unalindwa vizuri zaidi pale mti wake unapokuwa na thamani kwa wanaoishi nao. Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu. Huko kuna mpingo, ule ule unaochongwa na Wamakonde na unaotengenezewa klarineti za Ulaya. Kijiji kinachouza gogo kihalali, kwa bei ya haki, kina sababu ya kumfukuza anayekuja usiku na msumeno.

Wenzetu wamekwenda mbali. Norwei, katika mji wa Brumunddal, jengo la Mjøstårnet lilikamilika 2019 likiwa na ghorofa 18 na urefu wa mita 85, na mihimili yake ni mbao zilizogundishwa tabaka kwa tabaka. Mhimili mnene wa namna hiyo ukishika moto unaungua juu polepole, mkaa wa nje ukilinda kiini, wakati chuma kisicholindwa kikifika joto la nyuzi 600 za Selsiasi kinapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Zanzibar nako, mwaka 2022 ulitangazwa mpango wa jengo la ghorofa 28 pale Fumba litakalotumia mbao kwa sehemu kubwa. Nilifurahi kuusikia. Tutakapoanza kujenga hivyo nataka mbao itoke Mufindi, na kwa miti ya miaka 7 haitatoka.

Nondo tunainunua kwa milimita. Saruji tunauliza daraja, 32.5 au 42.5. Mbao tunauliza upana na urefu, basi, tunapakia kwenye guta. Yadi zetu ziuze mbao kwa madaraja yaliyopigwa muhuri: umri wa mti, ukavu, dawa imeingia kiasi gani. Ubao uliokomaa na kukaushwa uwe na bei yake, ubao mchanga uwe na yake, na mjenzi achague akijua. Bei hiyo ikimfikia mkulima kule Makete, atakuwa na hoja ya kumjibu dalali atakapofika shambani mwaka wa saba.