Pasi Ndefu Si Kamari

Usiku wa Januari 8, 2024, pale Houston, Michigan iliifunga Washington 34-13 ikabeba ubingwa wa futiboli ya vyuo vya Marekani. Mashabiki hawajafika hata kwenye magari yao, hukumu ilikuwa imeshatoka: pasi ndefu zitakufikisha fainali, kikombe huchukuliwa na wanaokimbia na mpira. Na ushahidi wanao. Michigan ilikimbia yadi 303. Donovan Edwards alichomoka mara mbili katika robo ya kwanza, yadi 41 kisha yadi 46, na zote mbili zikaishia kwenye tachidauni, yaani mpira kufikishwa mwisho wa uwanja wa mpinzani. Upande wa pili Michael Penix Jr., kwotabeki, yaani mrusha pasi wa timu, aliyeongoza nchi nzima kwa yadi za pasi msimu ule, alirusha mara 51, zikadakwa 27, akaambulia yadi 255 na mipira miwili ikanyakuliwa na wapinzani.

Wiki moja kabla, katika nusu fainali dhidi ya Texas pale New Orleans, kijana huyo huyo alirusha mara 38 akapata yadi 430. Yaani zaidi ya yadi 11 kwa kila pasi Januari 1, na yadi 5 Januari 8. Watu wameishika namba ya pili na kuitupa ya kwanza, na hapo ndipo tunapopishana.

Niwape haki yao kwanza. Falsafa ya haba na haba, ya kuusogeza mpira kidogo kidogo kwa kukimbia, ina mizizi mirefu katika mchezo huu. Mpaka mwaka 1912 sheria zenyewe zilikataza pasi ya zaidi ya yadi 20, na kuna usemi wa makocha wa zamani, unaohusishwa na Darrell Royal wa Texas na Woody Hayes wa Ohio State, kwamba ukirusha pasi yanaweza kutokea mambo matatu (idakwe, ianguke chini au inyakuliwe) na mawili kati yake ni mabaya. Michigan ile ile ya 2023 ilikwenda kwa Penn State mwezi Novemba ikakimbia na mpira mara 32 mfululizo, J.J. McCarthy akirusha pasi 8 tu mechi nzima, na ikashinda 24-15. Ukicheza hivyo saa inakwenda, ulinzi wako unapumzika benchini, na mpinzani anabaki kutazama. Pasi tatu ndefu zikianguka chini, saa husimama kila mara, na ulinzi wako unarudi uwanjani bado unahema. Hilo siwezi kulikana.

Ila kuna hesabu moja ambayo watu wa haba na haba hawapendi kuifanya. Tuseme timu ina yadi 75 za kwenda, na imeamua kuzikata kidogo kidogo kwa michezo 12, yaani kuuanzisha mpira mara 12. Tuseme pia ni timu nzuri, ambayo katika michezo 100 inakosea mitano tu: mmoja kaanza kabla ya wakati, mwingine kamshika beki jezi, mwingine kauangusha mpira uliomfikia kifuani. Uwezekano wa kuimaliza safari yote bila kosa hata moja ni asilimia 54. Ifupishe safari hiyo kwa pasi moja ya yadi 40, ibaki michezo 5, uwezekano unapanda hadi asilimia 77. Kila hatua unayoongeza ni mlango mwingine wa kosa.

Na hawa ni wanafunzi. Wengi wana miaka 18 hadi 22, na sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinawaruhusu saa 20 tu za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu. Kudai vijana hao wacheze michezo 12 mfululizo bila kuteleza, mbele ya mashabiki 100,000 wanaopiga kelele, ndiyo kamari ninayoiogopa mimi. Pasi ndefu ikianguka chini umepoteza jaribio moja kati ya manne unayopewa kupata yadi 10. Ikinyakuliwa yadi 45 mbele katika jaribio la tatu, hujatofautiana sana na aliyeupiga mpira kwa mguu kumrudishia mpinzani.

Uwanja wa vyuo nao unaisaidia pasi hii. Alama za katikati, ambapo mpira huwekwa kuanza mchezo, ziko mbali sana, futi 40 kutoka moja hadi nyingine, wakati kwenye NFL, ligi ya kulipwa, ni futi 18 na nusu. Mchezo ukianzia kwenye alama ya kushoto, upande mmoja una futi 60 na wa pili una futi 100. Mtazame beki wa mwisho aliyesimama peke yake katikati. Mpokeaji mwenye kasi yuko mbali kule kwenye futi 100. Kabla mpira haujaanzishwa, beki anarudi hatua mbili nyuma, kisha ya tatu. Hatua hizo tatu haziandikwi kwenye takwimu yoyote, lakini ndizo zinazompa mkimbiaji nafasi, kwa sababu beki yule alitakiwa kuwa mtu wa nane karibu na mstari wa kuanzia mchezo, kumzuia mkimbiaji, na sasa hayupo. Washington ya 2023 ilisifiwa kwa Penix na mpokeaji wake Rome Odunze, lakini mkimbiaji Dillon Johnson alikimbia zaidi ya yadi 1,100 akiwa nyuma yao. Yadi hizo ziliandikwa kwa jina lake, ila nafasi ilifunguliwa na hofu ya pasi ndefu.

Kuna sheria moja inayonikera, na wapinzani wangu wana haki ya kuitumia. Kwenye NFL, beki akimvuta mpokeaji yadi 50 kutoka mstarini, mpira unawekwa pale pale alipomvuta. Vyuoni adhabu haizidi yadi 15. Beki aliyeachwa nyuma anaweza kumshika mtu makusudi na bado akawa amefanya biashara nzuri.

Ukitaka kuona pasi ndefu inavyofanya kazi, rudi Seattle, Oktoba 14, 2023. Oregon inaongoza 33-29, zimebaki zaidi kidogo ya dakika 2, inashindwa jaribio la nne, na Washington inapata mpira kwenye yadi yake ya 47. Timu ya haba na haba hapo ingeanza kuiangalia saa kwa wasiwasi. Penix alirusha yadi 35 kwa mpokeaji Ja'Lynn Polk, kisha 18 kwa Odunze, tachidauni. Michezo miwili, yadi 53, na mechi ikaisha 36-33.

Sasa Houston kilitokea nini? Johnson alikuwa ameumia mwishoni mwa mechi ya Texas, akaingia fainali akichechemea. Washington nzima ilikimbia yadi 46. Mbio zilipokufa, Michigan haikuwa na sababu ya kumleta beki wa mwisho mbele. Iliwaweka mabeki wake nyuma na kumwachia Penix mapengo madogo madogo. Alilazimishwa kula haba na haba, na mlo huo haukuwa wake. Hata hivyo robo ya nne ilianza kwa 20-13, na kipindi cha kwanza Odunze alikuwa amebaki peke yake mbele, pasi ikampita. Wanaosema pasi ndefu ilishindwa usiku ule wajibu kwanza ilitumika kiasi gani, na ilikuwa na msaada gani.

Hoja nzito ya upande wa pili ni watu, wala haina uhusiano na fainali. Penix alikuwa na miaka 23, mwaka wake wa sita chuoni, na ukuta wake wa mbele, wachezaji wanaomkinga, ndio uliopewa tuzo ya Joe Moore kama bora nchini. Kocha Kalen DeBoer alihamia Alabama siku chache baada ya fainali, Penix na Odunze wakachukuliwa wa 8 na wa 9 timu za NFL zilipochagua wachezaji wapya, na Washington ya msimu uliofuata ilishinda mechi 6 ikapoteza 7. Chuo kisicho na mkono kama ule hakiwezi kuigiza mpango mzima.

Lakini hakihitaji mpango mzima. Kwotabeki wa mwaka wa pili mwenye mkono wa kawaida anaweza kurusha mpira mrefu mara mbili kila robo, kwenye ule upande wa futi 100, hata akijua mmoja tu ndio utakaodakwa. Beki wa mwisho atarudi zile hatua tatu, na mkimbiaji atakuwa anamwangalia.